Kodi na Sauti ya Mlipaji

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Busisi)



Kamati imetuagiza tuseme juu ya kodi, nasi tumekubali kwa furaha, ijapokuwa twajua kwamba neno hili likitajwa watu hutazamana na kushika mifuko yao. Hatukuja kuwahimiza mlipe. Karani wa Serikali hana haja ya kuhimizwa. Kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Twataka kusema habari nyingine, nayo ni hii: kodi humpa mlipaji haki ya kuuliza, na mahali ambapo mlipaji hajui kwamba amelipa, haki hiyo hulala usingizi.

Tuanze na daraja, maana hakuna mtu wa Busisi asiyelisema. Kwa miaka mingi mtu wa Sengerema au wa Geita aliyetaka kwenda Mwanza alifika hapa ufukoni, akangoja kivuko. Magari yalipanga mstari, wagonjwa walingoja, na samaki walingoja pia huku jua likiwaharibu. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Urefu wake ni kilomita 3, nalo limepewa jina la Rais John Magufuli, ambaye aliweka jiwe lake la msingi Desemba 2019. Wakandarasi walitoka China. Gharama yake ilipita shilingi bilioni 700, na Serikali ilitangaza kwamba fedha hizo zimetoka katika mapato ya nchi yenyewe.

Basi lililotushangaza ni maneno ya watu. Wako wasemao, “Serikali imetupa daraja.” Wako wasemao, “Wachina wametujengea.” Kwa heshima yote, hatukubaliani nao. Mchina alikuwa fundi, na fundi hulipwa. Na Serikali haina shamba liotalo fedha. Mama auzaye dagaa pale mwaloni amelilipia daraja lile, ingawa ukimwuliza atakuambia kwamba yeye halipi kodi. Alilipa aliponunua sabuni, akalipa aliponunua vocha ya simu, akalipa tena ndani ya nauli yake, kwa kuwa mafuta ya gari yametozwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza katika nchi hii Julai 1998, nayo haimpigii mtu hodi mlangoni. Huingia nyumbani pamoja na bidhaa, kimya kimya.

Wazee wetu hawakufichwa hivyo. Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, kila mtu aliona kwa macho yake kinachotoka. Asiyekuwa na rupia alitafutiwa kazi mpaka azipate. Twajua pia kwamba kodi ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowaudhi watu wa kusini hata wakaingia katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mwaka huo huo, pale Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, ambacho vyama kama hiki chetu vyaweza kukiita babu. Makarani wa siku zile walijua hesabu ya kodi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wao ndio walioiandika vitabuni. Walakini hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria lililoanza mwaka 1926 na ambalo mambo ya fedha yalizungumzwa ndani yake.

Waafrika wa kwanza waliingia Barazani mwaka 1945: Mangi Abdieli Shangali wa Machame, na Ntemi Kidaha Makwaia, Msukuma wa Shinyanga. Hawakuchaguliwa na watu, waliteuliwa. Hebu hesabuni: toka 1898 hata 1945 ni miaka 47 ya kulipa pasipo kiti kimoja. Na uchaguzi ulipokuja mwaka 1958, kura haikumfuata mlipa kodi. Ilimpasa mtu awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Karani aliweza kupiga kura. Jirani yake mkulima wa pamba, aliyelipa kodi mwaka baada ya mwaka na kukitunza cheti chake ndani ya mtungi, mara nyingi hakuweza. Katika mwaka ule ule watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mataifa mbalimbali lililoundwa pasipo ridhaa yao, wakaja Mwanza kwa makundi kutoa malalamiko. Twaona walikuwa wakidai jambo ambalo Katiba yetu imeliandika sasa katika ibara ya 138, kwamba kodi haitatozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Maana yake ni kwamba asiyechaguliwa na walipaji hana ruhusa ya kuingiza mkono mfukoni mwao.

Hapa tusimame kidogo tuyatazame maneno ya lugha yetu. Zamani msafara ukipita Ugogo au Unyamwezi ulimlipa mtemi hongo, na neno hilo halikuwa la aibu. Lilikuwa ushuru wa njia. Leo hongo ni rushwa. Fedha ni zile zile, na mkono upokeao ni ule ule wa mwenye mamlaka. Tofauti ya hongo na kodi, kwa maoni yetu, ni karatasi: stakabadhi kwa aliyetoa, na hesabu mbele ya wote juu ya matumizi. Ukiiondoa karatasi hiyo, kodi yarudi kuwa hongo siku hiyo hiyo, hata kama mpokeaji ana kofia ya Serikali. Nalo neno kodi lenyewe latupoteza, kwa kuwa mpangaji naye humlipa mwenye nyumba kodi. Wengi wetu twalipa kama wapangaji, twaondoka tukiona shukrani kwamba hatukufukuzwa. Lakini nyumba hii ni yetu.

Kodi ya kichwa ya mabaraza ya wilaya ilifutwa mwaka 1969. Ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Hakuna aliyeililia, wala sisi hatuililii; wako hapa wazee waliokimbia mgambo wakalala porini kwa kukosa cheti. Walakini kodi ile ilikuwa na kitu kimoja chema: aliyelipa alijua amelipa, na katika baraza alisimama na cheti mkononi akauliza, “Zahanati iko wapi?” Siku hizi yule mama wa dagaa hana cha kuinua mkononi. Angalieni yaliyotukia Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Kila mtu aliiona katika ujumbe wa simu yake, shilingi kwa shilingi. Nchi nzima ikanung’unika, na Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kodi nyingine kubwa kuliko ile hupita kila siku bila mtu kukohoa, kwa kuwa hazionekani.

Sasa twafika kwetu sisi wenyewe, na hapa tutasema waziwazi. Kati ya mlipaji na Hazina yuko karani. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba katika halmashauri mbalimbali fedha zilizokusanywa kwa mashine hazikufika benki zote. Mashine haijui kuiba. Anayeshika ushuru wa samaki asitoe stakabadhi, au amwambie mchuuzi, “Toa nusu, tusiandikiane,” amempunguzia mchuuzi mzigo kwa siku moja, naye amemnyang’anya haki yake ya kuuliza. Wala tusijifariji kwamba mishahara ni midogo. Ni midogo kweli, na chama hiki kitaendelea kuisemea mahali panapostahili. Lakini huo ni mjadala wa wakati mwingine.

Kwa hiyo twaleta mambo mawili mbele ya mkutano. La kwanza, kila mwanachama apokeaye fedha za umma atoe stakabadhi hata kama mlipaji hakuiomba, tena amsomee asiyejua kusoma. La pili, mkutano wa kijiji hukutana kila miezi 3, na taarifa ya mapato na matumizi hupaswa kusomwa hapo. Mara nyingi husomwa mwishoni, kwa haraka, watu wakiwa wamekwisha kusimama kwenda zao. Makarani wa chama hiki waombe isomwe kwanza, polepole, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma kama watu watakavyo, kisha ibandikwe ubaoni ikae mpaka mkutano ufuatao.

Bwana Mwenyekiti, twaomba hoja hizi mbili zipigiwe kura kabla ya chai.