Usioshe Gari Bila Idhini

Msikilizaji wa Bukoba na Muleba, umepeleka gari gereji kubadilisha oili. Jioni unalikuta limeoshwa, na bili imeongezwa hela ya kuosha ambayo hukuiagiza. Wapo wanaoshukuru. Lakini mwenye gari ana haki ya kukataa, na sababu anazo. Vumbi jekundu la barabara zetu huacha mchanga juu ya bodi. Kijana akipitisha kitambaa kikavu, au sponji iliyotoka kwenye ndoo yenye tope, rangi inachubuka. Maji ya presha yakipigwa kwenye injini huingia kwenye viunganishi vya waya, na gari huanza kumisi njiani.

Unapokabidhi funguo, sema wazi: msioshe. Iandikwe kwenye karatasi ya kazi, nawe uipige picha. Usikubali kulipia usichoagiza. Wakikushurutisha, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayolinda walaji.

Na kwa gereji zinazooshea magari ufukweni mwa ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Wenye gereji, tunawaomba: muulizeni mteja kabla ya kufungua bomba.