KODI YA UCHAFU NA SHAKA LA MWENYE MTAMBO
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Sherehe ya Miaka 10



Miaka 10 ya umoja si haba, na waliotangulia kusema wameisifu ipasavyo. Mimi nimepewa kazi ya kutazama mbele. Liko mbele yenu shauri la kununua mtambo mpya wa kumenya kahawa, utumiao maji kidogo. Wako wasemao tununue sasa. Wako wasemao tungoje, kwa kuwa ada ya maji yaweza kupanda, kushuka, au kufutwa. Hoja zote mbili zimekwisha kujaribiwa katika nchi nyingine.

Madhara yenyewe twayajua. Maji yaliyoosha kahawa yamejaa utamu wa tunda; yakiingia mtoni huchacha, huila hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Hivyo akaaye chini ya mto hulipa gharama ya uchafu wa aliye juu. Kodi ya uchafu ni njia ya kuirudisha gharama kwa mwenyewe.

Tazameni Uswidi. Mwaka 1992 serikali ya huko ilianza kuwatoza wenye boila kubwa krona 40 kwa kila kilo ya oksidi za naitrojeni itokayo katika bomba la moshi. Lakini fedha hazikukaa hazinani: karibu zote zilirudishwa kwa wenye boila wale wale, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu aliyozalisha. Aliyefanya kazi nyingi kwa uchafu mdogo akapata faida. Mchafu akapata hasara. Ninyi mpokeao malipo ya pili kwa kadiri ya kilo mlizoleta mwaifahamu hesabu hii bila mwalimu. Tena krona zile 40 hazikuguswa mpaka mwaka 2008, zilipofanywa 50. Mwenye boila aliweza kuhesabu miaka mingi mbele, naye akanunua vyombo vya kusafisha moshi. Katika miaka 15 hivi ya kwanza, uchafu kwa kila kipimo cha nguvu ulipungua kadiri ya nusu.

Sasa tazameni Australia.  Tarehe 1 Julai 2012 nchi ile iliweka bei ya dola 23 kwa kila tani ya hewa ya ukaa. Bei hiyo haikuwa ndogo. Lakini kiongozi wa upinzani, Bwana Tony Abbott, alikuwa ameahidi kuifuta. Akashinda uchaguzi Septemba 2013, na Julai 2014 sheria ikafutwa. Mtambo wa kiwanda hudumu miaka 20 au zaidi. Kodi ile ilidumu miaka miwili. Ni nani mwenye busara angefunga chuma cha miaka 20 kwa kutegemea ahadi ya namna hiyo?

Hapo ndipo penye kiini cha neno langu. Mkulima hapandi mbuni, ambao hungojewa kama miaka mitatu kuzaa, katika shamba asilojua kama mwakani ni lake. Fedha iliyo mkononi yaweza kugeuzwa matumizi. Mtambo uliokwisha kujengewa haurudi dukani. Kwa hiyo kodi ndogo inayoaminika yaweza kuleta mitambo mingi kuliko kodi kubwa inayotiliwa shaka.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, tufanye hesabu ya mtambo mara mbili: kwa ada ya leo, na kama kwamba hakuna ada kabisa. Ikiwa dizeli ya kuvuta maji tutakayookoa yatosha kulipa mkopo, tusingoje sheria. Ikiwa haitoshi, tutajua ni ada kiasi gani yahitajiwa kuziba pengo. Pili, tuiandikie Bodi ya Maji ya Bonde, si kuomba ada ndogo tu, bali kuomba itangazwe miaka mitano mbele. Tatu, tuombe sehemu ya ada iwarudie wanaosafisha maji yao, na vyama vidogo vipewe muda, kama Uswidi ilivyoanza na boila kubwa kwa kuwa vipimo vilikuwa ghali.

Wanachama wenzangu, uamuzi ni wenu, nanyi mtaupigia kura. Lakini yeyote atakayepiga kura ya kungoja, naaseme tunangoja nini, na mpaka lini. Kwa maana mto haungoji.