Viza iko hai, paspoti imekufa

Ndugu vijana wa Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, na ninyi muliotoka mbali kwa mguu juu hakukuwa nauli.

Leo hatukuja kusema juu ya maji wala moto wa umeme, ingawa usiku wa jana wengi wetu tulilala tena gizani. Tulikuja kusema juu ya paspoti. Tunajua, mutu ambaye hana ata franga ya mkate atauliza: paspoti inatuhusu nini? Mungoje kidogo.

Wengi wetu hapa tuko na diploma ndani ya sanduku. Lisanse ya sheria, ya uchumi, ya elektromekaniki. Na tunajua njia ambayo mutoto wa Lubumbashi anaifikiriaka akikosa kazi: Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha Afrika Kusini. Hatutawaambia musiende. Tunataka muone kile kinachoweza kumupata ata yule aliyekwenda kwa njia nzuri, mwenye viza ya kazi, mwenye mkataba, anayelipa kodi kila mwezi.

Yaya wa mmoja wetu alikuwa fundi wa mashine kule Johannesburg. Viza yake ya kazi ilibandikwa ndani ya paspoti, maana kule viza ni karatasi inayonata kwenye ukurasa, si kadi ya mufukoni. Viza ilikuwa na tarehe ya mwisho 2019. Paspoti pia, 2019. Kila kitu sawa. Halafu mwaka 2017 serikali yetu, kutoka Kinshasa, ikatangaza kwamba paspoti za zamani, zile walizoita nusu-biometriki, hazitatumika tena. Ata kama tarehe iliyoandikwa ndani haijafika! Watu wa diaspora walipiga kelele, ndipo mwisho ukasogezwa hadi 14 Januari 2018.

Fikirini basi. Afrika Kusini ilimupa ruhusa ya kufanya kazi, na ruhusa ile haikufutwa na mutu yeyote wa kule. Ni leta yetu njo iliua kitabu kilichobeba ruhusa.

Patroni wake alisoma habari, akamuita ofisini: "Lete paspoti mpya, ama usirudi Jumatatu." Hatusemi patroni yule alikuwa shetani. Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini, namba 13 ya 2002, kifungu cha 38, inamukataza kuajiri mgeni asiye na ruhusa, na inamutaka ajitahidi kujua hali ya kila anayemuajiri. Akikosea, kuna faini ama jela. Patroni aliogopa. Lakini hofu yake ilianguka juu ya nani? Juu ya yaya, mwenye watoto watatu na nyumba ya kupanga.

Akaanza kuzunguka. Paspoti mpya ilikuwa dola 185 kwa bei ya serikali, na sisi wote tunajua kwamba bei ya serikali si ile mutu analipaka mlangoni. Aliambiwa rudi wiki ijayo, mashine haifanyi kazi, rudi tena. Miezi mitano. Paspoti ilipofika, ilibaki kuomba viza ihamishwe kutoka kitabu cha zamani kwenda kipya, foleni nyingine, malipo mengine. Wakati ile imekwisha, mahali pake pa kazi palikuwa na mutu mwingine.

Kuna kitu kimoja yaya hakukijua, na sisi tulikijua kwa kuchelewa, na ndiyo sababu kubwa ya mkutano huu. Mwaka 2008 mahakama ya kazi ya Afrika Kusini iliamua kwamba mgeni ambaye makaratasi yake yamekwisha bado ni mfanyakazi mbele ya sheria ya kazi. Patroni hawezi kumutupa nje sawa vile takataka. Anapaswa kumusikiliza, kufuata utaratibu, na mfanyakazi anaweza kushitaki. Yaya angeweza kusema: "Viza yangu haijafika mwisho, ulizeni idara yenu ya Mambo ya Ndani, na munipe muda." Hakusema. Alinyamaza juu ya kuogopa kufukuzwa nchini.

Si Afrika Kusini peke yake. Uingereza, mutu mwenye muhuri wa kukaa bila kikomo ndani ya paspoti ya nchi yake iliyokwisha hawezi kuuonyesha kwa patroni kama uthibitisho wa kazi. Paspoti lazima iwe hai. Haki ya kukaa haijafa, lakini lazima aithibitishe kwa njia nyingine, leo kwa hesabu ya intaneti ambayo patroni anaichunguza kwa namba. Na Muingereza mwenyewe? Paspoti yake iliyokwisha inakubaliwa bila shida. Muone tofauti.

Sasa pesa. Mwaka 2017 shirika la habari Reuters lilionyesha kwamba katika zile dola 185, dola 60 zilikuwa zinakwenda kwa kampuni iliyosajiliwa Emirati, na 65 tu njo zilikuwa za serikali. Baadaye bei ilishushwa hadi 99, na mwaka 2025 hadi 75. Tunashukuru? Hapana, hatushukuru mutu kwa kupunguza kile alichozidisha mwenyewe. Tunauliza nani atamurudishia yaya miezi mitano.

Na wewe usiyetaka kwenda popote, toa kadi yako ya mupiga kura. Uiangalie vizuri. Sura yako ingali inaonekana? Wino unafutika, tumeona wengi. Nchi hii haina kadi ya uraia mikononi mwa watu, kadi ya uchaguzi njo inafanya kazi hiyo. Unafika kwenye kampuni ya mgodi, umepita mtihani, wanakuambia: "Huyu kwenye kadi ni nani?" Wewe ni Mukongomani, hakuna aliyekunyanganya uraia, lakini unarudi nyumbani. Ni jambo moja na la yaya.

Tunachodai ni hiki: kila ofisi inayopokea ombi la paspoti, hapa na nje, itoe siku ileile barua yenye kashe, ikisema mutu huyu ameomba, namba ya zamani ni hii, na anangoja. Karatasi moja. Tena bei ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Na serikali isifute tena paspoti ambayo tarehe yake haijafika.

Wenye ndugu nje, muwaambie wasitupe kitabu cha zamani na wasikate ukurasa wa viza. Waombe kipya miezi mingi mbele. Wapige kopi ya kila kitu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunakusanya risiti. Kila aliyelipa zaidi ya bei ya serikali alete kopi, si risiti yenyewe. Asiye na risiti aje pia, tutaandika tarehe, kiasi, na kile alichoambiwa mlangoni. Barua tutaipeleka Jumatatu kwa mguu, na tunahitaji watu ishirini wa kuisindikiza. Wenye kuweza, munyanyue mkono sasa, dada yule mwenye daftari ataandika majina.