Sahihi ya Bwana Bell: Amani ya Versailles na Njia ya Udikteta



Mkataba wa Versailles una sehemu nzima inayohusu fidia za vita, na ndani ya sehemu hiyo kimo kifungu cha 246. Kifungu hicho kinaiamuru Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi 6, fuvu la Mkwawa. Wakubwa wale waliokutana Paris kuigawa dunia upya, wenye kuhesabu makaa ya mawe, meli na mabehewa ya treni, walipata wasaa wa kumkumbuka mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Miezi 6 ilipita, fuvu halikutolewa. Nitalirudia baadaye.

Usiku huu nataka tuziangalie sahihi zilizo chini ya mkataba huo. Tarehe 28 Juni 1919, katika Ukumbi wa Vioo, ukumbi ule ule ambamo Wajerumani walitangaza himaya yao mwaka 1871 walipokuwa wakiishinda Ufaransa vitani, Ujerumani iliwakilishwa na raia wawili. Wa kwanza ni Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje. Wa pili ni Johannes Bell, waziri wa uchukuzi na wa makoloni. Huyu Bell alikuwa akijifutia nusu ya kazi kwa mkono wake mwenyewe, kwani kifungu cha 119 kiliinyang'anya Ujerumani makoloni yote, ikiwemo nchi hii tuliyokaa. Hapakuwa na jenerali wa Kijerumani hata mmoja aliyeshika kalamu.

Nimesahihisha mitihani ya historia kwa miaka mingi, na jibu la swali la Hitler nimelizoea: Versailles ilikuwa kali, uchumi ukaanguka, dikteta akaja. Alama huwa natoa, maana jibu si la uongo. Kasoro yake ni kwamba linamfanya dikteta aonekane kama mvua, kitu kinachonyesha chenyewe mawingu yakishakuwa mazito.

Tuanze na huo ukali. Ujerumani ilipoteza karibu asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya na takribani mtu mmoja katika kila watu kumi. Jeshi lilipunguzwa hadi watu 100,000, bila ndege, vifaru wala nyambizi. Kifungu cha 231 kikaibebesha, pamoja na washirika wake, dhamana ya hasara yote ya vita. Mwaka 1921 deni likatajwa: marki za dhahabu bilioni 132. Mwanauchumi John Maynard Keynes, aliyekuwa katika ujumbe wa Uingereza, alikwisha kujiuzulu kwa hasira kabla ya sahihi kutiwa, na kabla ya mwaka 1919 kwisha akatoa kitabu cha kuonya kwamba amani ya namna ile ingeiangamiza Ulaya.

Keynes aliandika vizuri mno, na nadhani uzuri wa kalamu yake umetugharimu. Katika zile bilioni 132, bilioni 82 ziliwekwa katika hati ambazo waliozitunga wenyewe hawakutarajia zilipwe. Ziliwekwa ili wapiga kura wa Paris na London waridhike. Mzigo wa kweli ulikuwa bilioni 50. Ulikuwa mzito, sikatai. Lakini Wajerumani nao, Machi 1918, waliilazimisha Urusi kutia sahihi mkataba wa Brest-Litovsk, na mkataba ule ulikuwa mkali zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha kuna Italia. Ilikuwa upande wa washindi, ikaketi mezani na wakubwa, na bado ilikuwa ya kwanza kumpata Mussolini, Oktoba 1922. Ukali wa masharti peke yake haumzai dikteta.

Ndipo narudi kwenye zile sahihi. Mwishoni mwa Septemba 1918 Jenerali Ludendorff aliiambia serikali ya Kaiser kwamba vita vimeshindikana, vitafutiwe mapatano haraka. Alipendekeza pia serikali ipewe vyama vya bunge. Hesabu yake ilikuwa rahisi: waliopika hawatakula, watakula wengine. Kwa hiyo tarehe 11 Novemba, katika behewa la treni msituni Compiègne, mkuu wa ujumbe wa Ujerumani alikuwa Matthias Erzberger, mbunge. Mwaka mmoja baadaye Field Marshal Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya bunge akadai kwamba jeshi halikushindwa, lilichomwa kisu mgongoni. Erzberger alipigwa risasi na wazalendo wa siasa kali Agosti 1921. Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje aliyejaribu kutekeleza masharti ili kuonyesha kwamba hayatekelezeki, aliuawa Juni 1922.

Uongo wa kisu mgongoni ulikuwa na tawi lake hapa kwetu, na vitabu vya Ulaya hulitaja kwa haraka tu. Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Machi 1919 alipita juu ya farasi chini ya Lango la Brandenburg, Berlin, akishangiliwa kama kamanda asiyeshindwa. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi nyuma ya majeshi yote mawili, wale ambao kambi yao upande wa Waingereza iliuachia mtaa wa Kariakoo jina lake, hawakuwamo katika maandamano hayo. Mwaka uliofuata Lettow-Vorbeck aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua jamhuri mpya ya Ujerumani.

Basi jamhuri ilianza maisha ikiwa na deni la vita ambavyo haikuvianzisha, na lawama ya kushindwa ambako si kwake. Masharti makali yakitiwa sahihi na walioanzisha vita yana sura moja. Yakitiwa sahihi na waliokuja kuokota vipande, kila awamu ya malipo ni tangazo la bure la adui zao.

Uchumi nao una hadithi mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mwaka 1923. Himaya iligharimia vita kwa kukopa, ikitarajia mshinde alipe, na baada ya vita serikali ikaendelea kuchapa noti. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliingiza majeshi katika bonde la Ruhr kwa sababu ya fidia zilizochelewa. Serikali ikawataka wafanyakazi wagome, ikawalipa mishahara ya kukaa nyumbani, na mashine za noti zikakesha. Dola moja iliyokuwa marki 4.2 mwaka 1914 ilifika marki trilioni 4.2 Novemba 1923. Mwenye nyumba ya mkopo alifuta deni lake kwa bei ya mkate. Mjane aliyeweka akiba benki hakuweza kununua huo mkate. Mwezi huo huo Hitler alijaribu mapinduzi Munich, akashindwa, akafungwa, na kabla ya Krismasi ya 1924 alikuwa nje.

Hapo ndipo mvua ya wanafunzi wangu ingepaswa kunyesha. Haikunyesha. Sarafu mpya ilitulia, mpango wa Dawes wa 1924 ukapanga upya malipo, mikopo ya Marekani ikamiminika. Katika uchaguzi wa Mei 1928 Wanazi walipata asilimia 2.6. Miaka tisa baada ya Versailles, mitano baada ya noti za trilioni, walikuwa kikundi cha wabunge 12.

Hadithi ya pili ndiyo iliyoua. Mikopo ya Marekani ilianza kurudi kwao, na Wall Street ilipoanguka Oktoba 1929 ikakauka. Serikali ya wakati huo iliongozwa na Hermann Müller, yule yule wa Ukumbi wa Vioo. Ilivunjika Machi 1930 kwa ugomvi juu ya mchango wa bima ya wasio na kazi, ugomvi wa kiasi kisichofikia asilimia 1 ya mshahara. Ilikuwa serikali ya mwisho ya jamhuri kusimama juu ya wingi wa viti bungeni.

Aliyemfuata, Heinrich Brüning, alitawala kwa amri za dharura za kifungu cha 48 cha katiba, zikitiwa sahihi na rais, naye ni Hindenburg. Alikata mishahara ya watumishi, akapandisha kodi, akapunguza posho za wasio na kazi, katikati ya mdororo. Shabaha yake mojawapo ilikuwa kuwaonyesha washindi kwamba Ujerumani haiwezi tena kulipa. Wanazi walipata asilimia 18.3 Septemba 1930. Julai 1931 benki kubwa ya Danat ikafunga milango. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walikuwa milioni 6.

Na Brüning alifaulu, kwa maana moja ya kusikitisha. Mkutano wa Lausanne ulizimaliza fidia kwa vitendo tarehe 9 Julai 1932, wiki chache baada ya yeye kuondolewa madarakani. Siku 22 baadaye Wajerumani wakapiga kura, na Wanazi wakapata asilimia 37.3, kura nyingi kuliko chama chochote. Mzigo uliodaiwa kumleta Hitler ulishushwa kabla hajaingia. Fidia zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kilikuwa kinyongo, na kinyongo hakina mkutano wa kukisamehe.

Wasio na kazi wenyewe, niseme kwa haraka, walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Kura za Hitler zilikuwa nene vijijini kwa Waprotestanti, kwa wakulima wenye madeni na kwa wenye maduka, watu walioogopa kuanguka kuliko walioanguka tayari.

Hata hivyo hakuwa na wingi wa kutosha. Novemba 1932 alishuka hadi asilimia 33.1. Alikuwa anateremka, chama kina madeni, ndipo Franz von Papen na wazee waliomzunguka Hindenburg walipomfungulia mlango, wakiamini watamshika mkono. Tarehe 30 Januari 1933 akawa chansela kwa uteuzi wa rais aliyekuwa mtunzi mkuu wa hadithi ya kisu. Bunge likaungua tarehe 27 Februari. Kesho yake haki za raia zikasimamishwa kwa amri.

Tarehe 23 Machi ilipigwa kura ya kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wabunge wa Kikomunisti hawakuruhusiwa kuingia, na wanamgambo walijaa ukumbini. Kura 444 zilisema ndiyo, na miongoni mwake zimo za chama cha Zentrum, chama cha Bell na cha marehemu Erzberger. Kura 94 zilisema hapana, zote za Social Democrat, chama cha Müller, ambaye alikwisha kufariki miaka miwili kabla.

Mwaka 1945, vita vya pili vilipokwisha, washindi hawakumtafuta raia wa kumpa kalamu. Reims alitia sahihi Jenerali Jodl; Berlin, Field Marshal Keitel. Masharti yalikuwa makali kupita ya Versailles: kusalimu amri bila sharti lolote, na nchi kugawanywa. Hakuna aliyepata nafasi ya kusema jeshi lilichomwa kisu. Februari 1953, mjini London, madeni ya Ujerumani Magharibi, yakiwemo yaliyotokana na mikopo ya enzi ya fidia, yalipunguzwa kwa karibu nusu. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Gavana Twining wa Tanganyika aliwakabidhi Wahehe, huko Kalenga, fuvu la Mkwawa lililokuwa limekaa katika jumba la makumbusho la Bremen. Lilikuwa limechelewa karibu miaka 34.