Mlango wa Deerfield

Leo twapenda kuwaelezeni habari za mji mdogo uitwao Deerfield, katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani.

Zamani mahali hapo palikuwa pa watu wa Pocumtuck, waliolima mahindi kando ya mto. Katika karne ya 17 Waingereza walifika, wakajenga nyumba zao papo hapo. Siku hizo Waingereza na Wafaransa waligombea nchi. Basi kabla ya kupambazuka tarehe 29 Februari, 1704, Wafaransa kutoka Kanada, pamoja na wenyeji wa nchi waliofungamana nao, waliushambulia mji. Theluji ilikuwa imelundikana penye boma, nao wakaikwea wakaingia. Watu 112 walitekwa, wakapelekwa Kanada kwa miguu, mwendo wa maili 300 hivi.

Nyumba moja ilikuwa na mlango wa mbao nene. Washambuliaji waliupiga mashoka hata ukatoboka. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1848, lakini mlango ulihifadhiwa, na tundu lake lingalipo. Wageni huutazama katika jumba la makumbusho liitwalo Memorial Hall, lililofunguliwa mwaka 1880.

Lakini mlango huo hausemi yote. Miongoni mwa mateka alikuwamo Eunice Williams, binti wa mchungaji wa mji, mwenye umri wa miaka saba. Baba yake alikombolewa, akarudi mwaka 1706. Yeye alibaki kwa Wamohawk. Akasahau Kiingereza, akaolewa huko, na alipobembelezwa arudi, alikataa. Baadaye alikuja kuwazuru ndugu zake, kisha akarejea kwa watu wake wapya.

Tena alikuwako Lucy Terry, aliyetekwa Afrika angali mtoto, akawa mtumwa katika mji uo huo. Mwaka 1746 mji uliposhambuliwa tena, yeye alitunga shairi juu ya habari hiyo. Watu walilihifadhi kwa midomo hata likapigwa chapa mwaka 1855. Hakuna utungo wa Mwafrika wa Marekani ujulikanao ulio wa zamani kuliko huo.

Waliojenga mlango, walioupasua, na mtumwa aliyekuja baadaye, wote ni wenye historia ya mji huo. Basi, wasikilizaji, mkionyeshwa kitu cha kale, ulizeni ni cha nani. Kisha ulizeni ni nani mwingine aliyekuwako.