Heshima ya Mfupa

Ndugu Waislamu, mtu mzima ana mifupa 206: fuvu hulinda ubongo, mbavu hulinda moyo na mapafu, uti wa mgongo humsimamisha. Mwenye ualbino anayo hiyo hiyo; alichopungukiwa ni rangi ya ngozi, nywele na macho, wala si utu. Hata hivyo, miaka ya 2007 na 2008, huku Kanda ya Ziwa, watu hawa waliuawa na makaburi yao kufukuliwa, ili viungo na mifupa yao iuzwe.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Basi enyi watu wa Bariadi na Simiyu nzima, mfupa hauoteshi pamba wala hauleti mali. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu. Mlindeni jirani yenu, na anayenong'ona biashara hiyo msimfiche.