Maombezi na Hukumu: Mwenye Dhambi katika Sala ya Kanisa Katoliki

Maombezi, kwa maana inayotumiwa na Kanisa Katoliki, ni sala ambayo mtu humtolea Mungu kwa ajili ya mwingine, awe hai au marehemu, awe rafiki au adui, ilhali hukumu, kwa maana itakayofuatwa katika mhadhara huu, ni uamuzi ambao mtu huutoa moyoni au hadharani kuhusu hali ya mwenzake mbele za Mungu. Waamini wengi hudhani kwamba mambo haya hutofautiana kwa upole tu, kana kwamba anayehukumu ni mkali na anayeombea ni mlegevu, na dhana hiyo imewafanya watu makini wayaone maombezi kuwa njia ya kuukwepa ukweli. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maombezi ya kweli humtaka mwombaji akubali kuwa dhambi ni dhambi, kisha humtoa yeye mwenyewe katika kiti cha hakimu na kumketisha pamoja na yule anayemwombea, na ugumu wote wa sala hiyo uko katika kuhama huko.

Si kila hukumu iliyokatazwa, kwani hakimu wa mahakama, askofu anayesimamia nidhamu ya jimbo lake na mzazi anayemrudi mwanawe wote hulazimika kupima matendo na kuyatolea uamuzi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia Mdominiko wa karne ya 13, analichambua jambo hili katika swali la 60 la nusu ya pili ya sehemu ya pili ya Summa Theologiae, ambapo anaeleza kwamba hukumu huwa halali ikitimiza masharti matatu: itoke katika nia ya kutenda haki, itolewe na mwenye mamlaka, na iongozwe na busara iliyo na uhakika. Ikikosa sharti la kwanza ni hukumu potovu. Ikikosa la pili ni hukumu ya kunyakua, maana mtu amejitwalia madaraka yasiyo yake. Ikikosa la tatu ni hukumu ya pupa, inayojengwa juu ya tetesi na dhana. Katika swali hilohilo Thoma anafika mahali panaposhangaza hata leo, anapofundisha kwamba afadhali mtu akosee mara nyingi kwa kumdhania mwema aliye mwovu kuliko akosee mara chache kwa kumdhania mwovu aliye mwema, kwa kuwa katika kosa hili la pili kuna mtu anayedhulumiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafuata mkondo huo. Namba 2477 inaiweka hukumu ya pupa pamoja na usingiziaji na usengenyaji, na usengenyaji huo unafafanuliwa kuwa ni kufichua, bila sababu ya haki, makosa ya kweli ya mtu kwa watu wasioyajua. Namba 1861 nayo inaweka mpaka ambao mhadhara huu unauegemea, kwamba tendo linaweza kutambuliwa kuwa kosa zito, lakini uamuzi juu ya mtu aliyelitenda huachiwa haki na huruma ya Mungu.

Katika Maandiko Matakatifu mifano miwili inatosha. Kitabu cha Ayubu kinaishia kwa jambo ambalo wasomaji hulipita haraka: marafiki watatu waliotumia sura nyingi kumthibitishia Ayubu kwamba mateso yake ni malipo ya dhambi wanaagizwa na Mungu waende kwa huyohuyo waliyemhukumu ili awaombee, na hali ya Ayubu inageuka baada ya yeye kuwaombea. Injili ya Luka, katika sura ya 18, inaonyesha upande wa pili, kwani Farisayo aliyekuwa hekaluni alikuwa anasali kweli na kumshukuru Mungu, na ndani ya sala hiyohiyo akamshusha hadhi mtoza ushuru aliyesimama mbali. Sala, kwa hiyo, inaweza kuwa hukumu iliyopigishwa magoti, na hatari hiyo itarejewa.

Afrika yenyewe inatoa ushahidi wa kale. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras nchini Algeria, anasimulia katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake kwamba alipojiunga na Wamanikayo, yaani wafuasi wa dini iliyofundisha kuwa ulimwengu una asili mbili zinazopigana, ya nuru na ya giza, mama yake Monika alianza kukataa kuishi naye na kula naye meza moja. Kukataa huko kulitokana na uchungu wa imani, na wazazi wengi Wakatoliki hadi leo huwatenga watoto wao kwa uchungu wa namna hiyo. Monika, hata hivyo, aliota ndoto iliyompa tumaini, akamrudisha mwanawe mezani, akaendelea kumlilia Mungu kwa takriban miaka 9 huku kijana akiwa bado katika mafundisho yaleyale. Mfuatano huo wa mambo una uzito wake, kwa sababu Monika hakungoja mwanawe aongoke ndipo wale pamoja. Augustino alibatizwa Milano wakati wa Pasaka ya mwaka 387, na mama yake akafariki Ostia mwaka huohuo, baada ya kuwaomba wanawe wamkumbuke altareni.

Katika nyakati za karibu, aliyelizamia jambo hili kuliko wengi ni Thérèse Martin, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux nchini Ufaransa, aliyefariki tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na umri wa miaka 24 na kutangazwa na Papa Yohane Paulo II kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Mwezi Machi 1887, kabla Teresia hajaingia utawani, mwanamke mmoja wa Paris, mtumishi wake na binti mdogo wa mtumishi huyo waliuawa usiku mmoja, na Henri Pranzini, mzaliwa wa Alexandria nchini Misri, akahukumiwa kifo mwezi Julai kwa mauaji hayo huku akikana hadi mwisho. Teresia, aliyekuwa na miaka 14, alianza kumwombea, akamtumia dada yake Céline kupeleka nia ya Misa kwa ajili yake, na akamwomba Mungu ishara moja tu ya toba kwa faraja yake mwenyewe, akisema kwamba hata isipoonekana atasadiki kuwa ombi lake limesikiwa. Pranzini alikatwa kichwa kwa gilotini tarehe 31 Agosti, na kesho yake Teresia akasoma katika gazeti la La Croix kwamba mtu huyo, aliyekuwa amekataa kuungama, aligeuka dakika ya mwisho na kuubusu mara tatu msalaba aliokuwa nao padre.

Teresia hakusema kwamba Pranzini hana hatia, wala hakuomba aachiliwe, wala hakuipinga hukumu ya mahakama, bali alikataa kitu kimoja tu, kwamba hukumu ya mahakama iwe ndiyo neno la mwisho juu ya roho ya mtu huyo. Alimwita mtoto wake wa kwanza, na ukoo huo wa kiroho ulimfunga, kwani hata baada ya kuwa mtawa aliendelea kumwekea nia za Misa. Ni haki pia kutaja pengo lililomo katika masimulizi yake, ambamo wale watatu waliouawa hawaonekani. Maombezi kwa ajili ya mkosaji ambayo humsahau aliyekosewa hubaki nusu, na Kanisa linalosoma ukurasa huo leo lingefanya vema kuwaombea wote wanne.

Habari ya Pranzini hupendwa kwa sababu ina ishara. Habari ya Hyacinthe Loyson haina, na huenda ndiyo sababu haihubiriwi sana. Loyson alikuwa padre Mkarmeli na mhubiri mashuhuri wa Notre-Dame mjini Paris, aliyeacha shirika lake mwaka 1869 na kutengwa na Kanisa, akaoa, kisha akaanzisha kanisa lake mwenyewe. Kwa Wakarmeli wa Ufaransa jina lake lilikuwa aibu ya nyumbani, na aibu ya ndugu huhukumiwa kwa ukali kuliko ya mgeni. Teresia alimwandikia Céline mwaka 1891 akimtaja Loyson kuwa ndugu yao, akamwombea miaka yote iliyobaki, na Komunyo yake ya mwisho, tarehe 19 Agosti 1897, aliitoa kwa ajili ya padre huyo. Loyson alifariki mwaka 1912 bila kurudi rasmi katika Kanisa Katoliki. Anayepima sala kwa matokeo yanayoonekana atasema kwamba Teresia alishindwa, lakini kipimo hicho ni cha hakimu, anayetaka kujua mwisho wa kesi, na mwombezi hakupewa haki ya kuujua.

Katika maandishi aliyoyaandika mwezi Juni 1897, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu na akiwa katika giza kubwa la imani, Teresia anajieleza kuwa ameketi katika meza ya wenye dhambi, anakula mkate wa uchungu pamoja nao, na yuko tayari kukaa hapo hadi Mungu apende. Anaazima sala ya yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka na kuisema kwa niaba ya wote waliopo mezani, akijihesabu miongoni mwao. Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Maombezi yake hayatoki juu kwenda chini, kutoka kwa msafi kwenda kwa mchafu, bali yanatoka mahali palepale alipo mkosaji, na hayo yanasemwa na mtawa ambaye hakuna aliyemshuku kwa dhambi kubwa.

Mwezi Julai mwaka huohuo Maurice Bellière, mwanafunzi wa upadre aliyekuwa anajiandaa kuingia katika shirika la Wamisionari wa Afrika, alimwandikia kwa woga, akihofu kwamba Teresia akifika mbinguni atayaona makosa yake yote na upendo wake utapungua. Jibu la mtawa huyo ni mafundisho kamili juu ya maombezi ya watakatifu, kwani alimweleza kwamba walio mbinguni wana huruma kubwa juu ya unyonge wa wanadamu, kwa kuwa wanakumbuka kwamba nao walikuwa dhaifu. Bellière baadaye alifanya utume Nyasa, nchi iitwayo leo Malawi, akafariki mwaka 1907.

Sheria ya Kanisa nayo imepita katika njia hiyo. Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1917, katika kanuni ya 1240, uliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia, isipokuwa walipoonyesha dalili za toba kabla ya kufa. Mkusanyo wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, haukuwataja tena watu hao miongoni mwa wanaonyimwa, na Katekisimu, katika namba 2282 na 2283, inaeleza kwamba mfadhaiko mkubwa wa akili au hofu nzito huweza kupunguza wajibu wa mhusika, kwamba Mungu ana njia anazozijua mwenyewe za kumpa nafasi ya kutubu, na kwamba Kanisa huwaombea. Tendo halikuhalalishwa, ila uhakika wa wanadamu juu ya mwisho wa mtendaji ndio uliokataliwa. Kanuni ya 901 inakwenda mbali zaidi, inapompa padre uhuru wa kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, hai au marehemu, na kwa hiyo familia inayodhani kwamba ndugu yao hawezi kuombewa kwa sababu ya namna alivyoishi au alivyokufa imenyimwa, pengine na maneno ya majirani tu, kitu ambacho sheria inawaruhusu kukiomba.

Kuna pingamizi zito ambalo halipaswi kupunguzwa. Maneno ya kusihi watu wasihukumu bali waombe yametumika mara nyingi kuwanyamazisha walioumizwa, hasa watoto na wanawake walionyanyaswa na watu wenye vyeo katika jumuiya, na matumizi hayo ni dhuluma juu ya dhuluma. Barua ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, ya mwezi Mei 2019, inawawajibisha wakleri na watawa kutoa taarifa wanapojua au wanapokuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba unyanyasaji umetendeka, na hakuna sala inayofuta wajibu huo. Papa Yohane Paulo II, aliyepigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei 1981, alitangaza siku 4 baadaye kwamba anamwombea na amemsamehe. Mahakama ya Italia ikamhukumu kifungo cha maisha mwezi Julai, na tarehe 27 Desemba 1983 Papa akaenda kumwona akiwa gerezani. Msamaha haukuizuia mahakama, na mahakama haikuuzuia msamaha.

Mahali ambapo mafundisho haya hupimwa kila wiki katika Afrika Mashariki ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa kanda hii, walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970. Familia kadhaa hukutana nyumbani kwa mmoja wao, Injili husomwa, kisha kila mtu hupewa nafasi ya kutoa nia kwa sauti. Ni hazina kubwa, na ndipo pia sala ya Farisayo inapopata mlango, pale mtu anaposema watu wamwombee dada fulani aliyemwacha mumewe na sasa anaonekana na mwingine, au kijana wa nyumba ya pili aliyefukuzwa kazi kwa wizi. Wasikilizaji huitikia kama ilivyo desturi, na wanapotawanyika wamebeba habari ambayo baadhi yao hawakuwa nayo walipoingia. Hata kama kila neno ni kweli, huo ni usengenyaji kwa fasili ya Katekisimu, na anayetajwa, akizipata habari hizo, hatakanyaga tena katika jumuiya hiyo.

Ombi la mhadhara huu kwa wenyeviti wa jumuiya, makatekista na maparoko ni kwamba wawafundishe waamini kutoa nia kwa kutaja jina bila kutaja kosa, na hata jina waliache pale ambapo kulitaja kunatosha kuzua maswali. Waamini hao wakumbushwe kwamba katika sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa kila mmoja hukiri dhambi zake tu, kisha huwaomba wote waliopo wamwombee. Na mwanajumuiya aliyeacha kuhudhuria kwa sababu ya kosa linalojulikana atembelewe nyumbani kwake kabla jina lake halijatajwa tena mbele ya wengine.